Namna ya Kula Kitajiri Kando ya Ziwa Bila Kwenda Monaco

Wenye pesa zao hupanda ndege wakaenda Nice, Cannes na Saint-Tropez, wakaketi chini ya mwavuli mweupe, wakaletewa kipande cha samaki katikati ya sahani pana kama uteo, wakakipiga picha, kisha wakarudi Nairobi na njaa yao. Sisi wengine tuna Naivasha.

Msomaji asidhani tumepungukiwa. Riviera ya Ufaransa ina mbio za magari za Monaco. Sisi tuna Safari Rally, iliyorudi kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19 na kuifanya Naivasha makao yake. Wao wana mji wa Grasse na manukato yake. Sisi tuna mashamba ya waridi yaliyolizunguka ziwa, na huenda ua lililo mezani kule Cannes lilikatwa hapa juzi. Wao wana majumba ya malodi. Sisi tuna Djinn Palace, jumba la mtindo wa Afrika Kaskazini lililojengwa kando ya ziwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Humo aliishi Lodi Erroll, aliyepigwa risasi Januari 1941, na mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia. Hata ndege za majini zilizotoka Uingereza na kuvuka Mediterania zilikuwa zikitua juu ya ziwa hili katika miaka ya 1930 na 1940. Kilichobaki ni mwongozo wa kula. Huu hapa.

Kabla ya yote, shika kanuni kuu ya mlaji mwenye hadhi: kadiri kiti kinavyokuwa laini, ndivyo mdomo unavyotakiwa kufungwa. Penye kitambaa cha meza hapaulizwi bei. Penye benchi la mbao, bishana mpaka jua lizame.

Njiani

Utukufu huanzia mteremkoni. Simama pale watu wanaposimama kutazama bonde, mlima Longonot ukiwa mbele yako, ununue kofia ya ngozi ya kondoo ambayo hutaivaa tena. Chakula cha hapa ni mahindi ya kuchoma yaliyosuguliwa kwa ndimu, chumvi na pilipili. Ni matamu, na hapo ndipo shida ilipo. Mwenye hadhi hali mahindi hadharani. Huyala ndani ya gari, vioo vikiwa vimepandishwa, kisha gunzi hulisukuma chini ya kiti.

Ukishuka kwa barabara ya chini utalipita kanisa dogo karibu na Mai Mahiu, lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakiijenga barabara hiyo. Hao ndio watu wa Mediterania halisi katika mwongozo huu, na walikuja kwa amri. Wasalimie kimoyomoyo, uendelee.

Mai Mahiu yenyewe ni mji wa malori. Hoteli zake hupika usiku na mchana kwa ajili ya madereva wenye safari ndefu, na ugali huletwa kabla hujamaliza kuketi, na nyama ya kukaanga, sukuma wiki na mchuzi wa kutosha. Usishuke. Mtu anayekufahamu anaweza kupita akakuona umeshiba.

Karibu na mji wa Naivasha, gari litakata kona lenyewe liingie duka la maziwa la Delamere. Hapo husimama kila mtu: mwenye gari la serikali, wanakwaya wa kanisa, familia inayopeleka mtoto shule ya bweni. Nunua mtindi. Lodi Delamere wa tatu alijipatia ardhi kubwa humu bondeni mwanzoni mwa karne iliyopita. Wewe unapata kikombe cha maziwa, tena kwa pesa yako.

Mavazi

Vaa nyeupe. Riviera bila kitani cheupe haijakamilika. Usijali kwamba udongo wa eneo la Kedong hapo jirani ni majivu laini ya volkano, ambayo madereva wa rally huyaita fesh-fesh na ambayo humeza gurudumu hadi nusu. Kufikia saa tano asubuhi utakuwa na rangi ya Longonot, nawe utasema ndiyo mtindo wa mwaka huu.

Beba pia sweta, lakini ulifiche. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na jua likishatua upepo hushuka kutoka Kinangop bila kubisha hodi. Wageni wengi wa kifahari waliokuja kunywa vinywaji baridi kando ya ziwa wameishia kugombania shuka za Kimasai za hoteli.

Meza iliyo karibu na maji

Hoteli kubwa zimepangana kwenye Barabara ya Moi South Lake, kila moja na nyasi zake, migunga yake ya manjano na mlinzi wake wa kuuliza kama umeweka nafasi. Ingia kwa kujiamini. Omba meza iliyo karibu na maji, hata kama mbu nao wameiomba.

Menyu isikutishe. Tilapia huingia jikoni akiwa tilapia na kutoka akiwa na majina manne, mawili ya Kifaransa. Viazi vya Kinangop hupondwa, vikafinyangwa duara, vikapandishwa cheo. Sukuma wiki hukatwa nyembamba mpaka hujui kama ni chakula au ni pambo. Usiulize chochote. Mhudumu akisema "chaguo zuri sana, mheshimiwa", jua umechagua kile cha bei ya juu.

Bili itakuja ndani ya kijitabu cha ngozi. Kuna asilimia 16 ya VAT, kuna asilimia 2 ya tozo ya utalii, kuna ada ya huduma, na kuna chupa ya maji ambayo hukumbuki kuiagiza. Tabasamu, lipa, usisome. Anayesoma bili kando ya ziwa anajulikana alikotoka.

Kwa chai ya alasiri, nenda Elsamere, nyumba aliyoishi Joy Adamson, mwandishi wa *Born Free*. Chai na keki huandaliwa uwanjani, na mbega weusi kwa weupe hushuka mitini kukagua sahani. Huko Monaco utaketi karibu na mtu aliyevaa manyoya ya mnyama. Hapa manyoya yanakuja yakiwa na mwenyewe, na yanataka keki yako. Mpe njia. Yeye ndiye mwenyeji.

Kama meza ya karibu na maji imejaa, subiri. Mwaka 2020, na tena 2025, ziwa lilifura likaingia lenyewe kwenye viwanja vya watu. Mteja wa hoteli alihamishiwa meza ya nyuma kwa samahani nyingi na glasi ya bure. Watu wa mtaa wa Kihoto walihama kwa mashua, vitanda vikiwa juu ya vichwa, na hawakuletewa glasi.

Kabla ya kuondoka, panda boti. Nahodha atapiga mluzi, atarusha samaki majini, na furukombe atashuka kutoka mtini amnyakue mbele ya kamera yako. Samaki huyo utamlipia. Ndiye samaki ghali kuliko wote ziwani, na aliyemla ni ndege.

Samaki

Sasa tuje kwenye aibu ya mwongozo huu: ufuo wa Kamere. Ziwa ni la umma, lakini ukilizunguka utakutana na ua, geti na kibao hadi uchoke. Kamere ni miongoni mwa sehemu chache ambapo Mkenya hufika majini bila kulipa kiingilio. Kwa sababu hiyo, mwenye hadhi hapaswi kupajua.

Ukipotea njia ukajikuta hapo, utaitwa kabla hujafunga mlango wa gari.

"Karibu mkubwa! Tilapia ama kapu?"

Kapu huyu hahusiani na lile la sokoni. Ni samaki mnene mwenye miba iliyopangwa bila huruma, aliyeingia ziwani karibu na mwaka 2000 na kuongezeka hadi kuwa ndiye anayejaza nyavu. Usimdharau kwa ugeni wake. Karibu kila kinacholiwa kutoka ziwa hili kililetwa: samaki aina ya bass alitoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na wale kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana waliingizwa mwaka 1970, wakavuliwa kwa wingi na kuuzwa hadi Ulaya. Hata tilapia ni mhamiaji. Hoteli ikikuandikia "samaki wa asili wa Naivasha", cheka kwa adabu.

"Mama, huyu ni wa leo?"

"Angalia jicho lake, mkubwa. Ananitazama tangu asubuhi."

Jicho liwe angavu, lisiwe na ukungu. Inua kifuniko cha shavu uone wekundu. Mama atamparua magamba, atampasua tumbo na kumwachia kongoti matumbo. Ndege huyo husimama hapo kutwa nzima na upara wake kama mzee wa kamati ya mazishi. Kisha atamchanja ubavuni, mikato mitatu kila upande, apenyeze chumvi, amtelezeshe kwenye karai la mafuta yanayochemka. Sauti ya mafuta hubadilika maji yakiisha mwilini mwa samaki, na mama hujua kwa sikio. Hana saa wala kipimajoto. Samaki ataletwa mzima, kichwa na mkia, na ugali, managu na kachumbari yenye dhania. Uma hakuna. Kwa kapu, uma ungekuwa hatari: vidole ndivyo vinavyoijua miba.

Hapa ndipo kanuni yetu inapokuruhusu kufungua mdomo. Mama akitaja bei, shtuka. Shika kifua. Sema "kwa samaki huyu mdogo?" Uliza kama bei hiyo ni pamoja na mashua. Ukifanikiwa kumwondolea shilingi hamsini, simulia ushindi huo Nairobi kwa wiki mbili.

Kumbuka tu kwamba supu ya bouillabaisse, inayouzwa leo huko Marseille kwa bei ya kuuguza, ilianza kama chungu cha wavuvi waliopika samaki wenye miba ambao walishindwa kuwauza. Mpe Kamere muda. Kichwa cha kapu kitakuja kuletwa kwa kitambaa cheupe, nawe hutabishana tena.

Chakula cha mchana cha wakata maua

Riviera hii ina wahudumu ambao huwaoni. Ua lililo katikati ya meza yako lilikatwa na mtu anayeishi Karagita, mtaa wa vyumba vya kupanga uliobebana na mashamba ya maua. Mchana, mtu huyo hula chapati na maharagwe, au githeri iliyokaangwa kwa kitunguu na nyanya, kwenye kibanda cha mabati.

Chapo madondo za Karagita zinashinda nusu ya menyu utakazozisoma kando ya ziwa. Maharagwe yamechemshwa tangu alfajiri mpaka yakatoa uji wake yenyewe; chapati imekunjwa mara kadhaa kabla ya kusukumwa, ukiivuta inaachana kwa tabaka. Lakini usiende. Ukienda utaketi benchi moja na aliyelikata ua lako, na mazungumzo yanaweza kufika kwenye mishahara.

Mvinyo

Ndiyo, upo. Zabibu za mvinyo wa Leleshwa hulimwa Naivasha, na jina limechukuliwa kwa kichaka cha majani ya kijivu kinachonukia kote bondeni. Agiza kwa sauti ili meza ya jirani isikie. Baada ya glasi ya kwanza, mwite mhudumu pembeni, umwombe Tusker.

Wiki ya rally

Wiki ya Safari Rally vijana huiita Naivasha "Vasha", na silabi zilizokatwa huongezwa kwenye bei. Chumba kilichokuwa stoo huwa makao ya kifahari. Chips huuzwa kana kwamba viazi vimepanda ndege. Wengi waliokuja huondoka bila kuona gari hata moja la mashindano, na hawajutii. Ukitaka kula wiki hiyo, kula Gilgil.

Kikopey

Na Gilgil ndiko tunakoelekea. Kabla hujaliona Ziwa Elementaita, moshi utakuambia umefika Kikopey. Vijana waliovaa makoti meupe watajitupa karibu na barabara wakipunga mikono, kila mmoja akiapa kwamba hoteli yake ndiyo ile uliyokuja mara ya mwisho, hata kama hujawahi kuja. Chagua yeyote. Mbuzi ni wale wale.

Hatua ni hizi. Kwanza, usiketi. Aketiye kwanza huchaguliwa nyama. Nenda moja kwa moja kwenye bucha, ambapo mbuzi mzima ananing'inia, na ujitwishe sura ya mtu aliyekulia kwenye zizi. Gusa ubavu. Tikisa kichwa. Sema "huyu ni mzee", hata kama umri wa mbuzi huujui zaidi ya unavyoujua wa twiga. Mkata nyama amesikia hayo tangu asubuhi. Atakuitikia "ndiyo, tajiri", kisha akate palepale alipokuwa akikata.

Pili, tazama mizani. Mshale ukitulia ndipo ukubali. Omba mbavu na mguu, ukatae kipande cha shingo kitakachoteleza humo kama mjumbe asiyealikwa.

Tatu, subiri. Nyama ya mbuzi kwenye makaa ya pole haiharakishwi, na mchomaji akikwambia dakika ishirini, elewa kwamba ameitaja tu namba aipendayo. Utaletewa supu ya mifupa kwenye kikombe. Inywe ikiwa moto, na chumvi na pilipili mbuzi. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba maisha yanawezekana bila bahari.

Nne, ubao. Nyama itakuja juu ya ubao wa mti uliochimbika katikati kwa miaka ya visu. Mchomaji ataikata mbele yako, kisu kikipiga kwa mwendo mmoja bila yeye kuangalia vidole, kisha atamimina kilima cha chumvi kwenye kona. Ugali utafuata, na kachumbari. Mafuta yakikuchuruzika hadi kwenye kiwiko, umekula sawasawa.

Tano, dai nyongeza. Baada ya kilo mbili, mwenye gari la mamilioni husimama mbele ya bucha akiomba kipande cha maini cha bure. Ni mila.

Nakuru

Nakuru ilitawazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na tangu hapo inastahili kuliwa kwa heshima. Ukiulizwa ulikula wapi, jibu "London". Jiji lina mtaa wa jina hilo, na hutakuwa umesema uongo.

Pilau na mahamri vitafute Bondeni, mtaa wa zamani wenye misikiti na mapishi ya Waislamu wa mji. Jioni fuata mutura. Muuzaji ana jiko la mkaa, waya juu yake, utumbo ulioviringwa na kujazwa nyama na damu, na kibao cha kukatia. Ataikata vipande vya unene wa kidole, atavisukuma kwa ncha ya kisu hadi ukingoni, nawe utachukua kwa mkono na chumvi kidogo. Hakuna viti. Wakili, mwendesha boda boda na mwalimu wa Njoro husimama wakizunguka kibao kimoja, kila mtu akihesabu vipande vyake mwenyewe, na muuzaji anaamini hesabu yako. Hoteli gani kando ya ziwa inakuamini hivyo?

Lakini mlaji mwenye busara kuliko wote Nakuru ni heroe. Hula mwani wa spirulina, uleule unaouzwa madukani kama dawa ya afya kwa bei ya kutisha, na huula kichwa chini miguu juu ya tope, bila mwavuli. Tangu karibu mwaka 2010 maji ya Ziwa Nakuru yaliongezeka, magadi yakapunguzwa nguvu na mwani ukaadimika. Heroe hawakutabasamu wala kulipa. Makundi kwa makundi walihamia Bogoria.

Bili

Heroe wangetuachia funzo, kama tungekuwa watu wa kufundishika. Mlaji yuleyule anayelipa kijitabu cha ngozi bila kukifungua ndiye atakayesimama jua la mchana akimbana mama wa Kamere kwa shilingi hamsini, na mama huyo amenunua samaki, mafuta na kuni kabla hujaamka. Tunanyamaza tunapoibiwa na kubishana tunapolishwa vizuri, kisha tunaita jambo hilo ustaarabu.

Kwa hiyo ukifika, igeuze kanuni niliyokupa mwanzoni. Penye kitambaa, uliza bei kabla ya kuketi, soma bili mstari kwa mstari, na ile chupa ya maji irudishe. Penye benchi, lipa kilichotajwa, useme asante, na chenji mwachie mama.